Tishu unganishi zikiugua: tabibu wa Kichina au daktari wa hospitali? Ulinganisho kwa anayetaka kuchagua

Maneno yote mawili katika jina "baridi yabisi" yana asili ya Kiarabu, na la pili maana yake ni kavu. Yanatoka katika utabibu wa kale uliofika pwani yetu ukiwa umerithi elimu ya Wagiriki, ambayo iliupima mwili kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba magoti yake yameingiwa na baridi yabisi hatamki jina la ugonjwa tu, bali anaeleza pia chanzo chake: baridi na ukavu vimeweka makao katika maungo. Tabibu wa Kichina akimsikia atakubaliana naye nusu. Baridi ataipokea, lakini mahali pa ukavu ataweka unyevu, na juu yake ataongeza upepo. Kichina cha leo huyaita maradhi ya aina hii "fengshi", yaani upepo na unyevu.

Naanza hapo kwa sababu Mswahili anayeingia katika zahanati ya tiba ya Kichina akiwa na vidole vilivyovimba hajihisi mgeni. Anaulizwa kuhusu mvua, upepo, chakula na usingizi, mambo ambayo bibi yake naye angemuuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi ya foleni na karatasi za maabara anahisi kwamba anasikilizwa. Ufanano huo una thamani yake, na ndio pia unaoweza kumpoteza. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tiba ya Kichina ni hodari wa kusoma kile mgonjwa anachokihisi, na hospitali ni hodari wa kutafuta kile asichokihisi, na katika magonjwa ya tishu unganishi, kinachoua mara nyingi ni kile kisichohisiwa mpaka kimechelewa.

Ni kitu gani hasa kinachougua

Kwa daktari wa hospitali, tishu unganishi ni vitu vyote vinavyoshikilia mwili usimomonyoke: kano, gegedu, mifupa, tabaka la ndani la ngozi, kuta za mishipa mikubwa ya damu, na utando unaofunika misuli. Malighafi yake kuu ni protini iitwayo kolajeni, pamoja na nyuzi nyingine zinazovutika. Mwaka 1942 mtaalamu wa patholojia Paul Klemperer, aliyefanya kazi New York, pamoja na wenzake, walipendekeza kwamba magonjwa kama lupasi na skleroderma, yanayojitokeza katika viungo mbalimbali, yaangaliwe kama ugonjwa wa tishu hiyo moja iliyoenea mwilini kote. Tangu hapo tumejifunza kuyagawa makundi mawili. Kundi la kwanza ni yale ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe: lupasi, rumatoidi (ile baridi yabisi inayovimbisha vidole na kuviharibu), skleroderma inayokakamaza ngozi, na ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na kinywa. Kundi la pili ni yale ya kurithi, ambayo mtu huzaliwa na nyuzi dhaifu, kama ugonjwa wa Marfan na ule wa Ehlers-Danlos.

Tiba ya Kichina haina neno moja la kale linalolingana na tishu unganishi. Badala yake ina tishu tano, na kila moja iko chini ya kiungo chake: kano ziko chini ya ini, mishipa chini ya moyo, nyama chini ya wengu, ngozi chini ya mapafu, na mifupa chini ya figo. Hapa msomaji awe mwangalifu sana, kwa maana ini la tabibu wa Kichina si lile linalopimwa maabara. Ni jina la kundi la kazi: kuhifadhi damu, kulainisha kano, kusawazisha hasira. Sisi tunasema fulani amenikata maini na hakuna anayekimbilia kupima homa ya ini. Tunajua kwamba ini hapo limebeba maana nyingine. Vilevile neno letu "mshipa" hubeba mshipa wa damu, mshipa wa fahamu na hata kano, na mkandaji wa kijijini hulitumia kwa vyote bila kuchanganyikiwa. Atakayeambiwa na tabibu kwamba figo zake ni dhaifu asitoke akidhani amepimwa figo. Nimeona watu wakifanya kosa hilo, na kwa mwenye lupasi ni kosa kubwa.

Maelezo ya msingi ya Wachina kuhusu maradhi haya yamo katika Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa yapata karne ya 2 au ya 1 kabla ya Kristo. Sura ya 43 ya sehemu yake ya kwanza inazungumzia ugonjwa uitwao "bi", neno linalobeba maana ya kuziba, kitu kilichokuwa kikipita kikakwama. Upepo, baridi na unyevu vikiuingia mwili kwa pamoja, husababisha bi. Upepo ukizidi, maumivu huhama kutoka kiungo hadi kiungo. Baridi ikizidi, maumivu huwa makali. Unyevu ukizidi, kiungo huwa kizito na maumivu hukaa palepale. Kisha sura hiyo inaongeza jambo ambalo kila ninapolisoma hunishangaza: bi ikikaa kwenye ngozi ni rahisi kuisha, ikibaki kati ya kano na mifupa maumivu hudumu muda mrefu, na ikiingia katika viungo vya ndani mgonjwa hufa. Watu waliokuwa hawana hadubini walitambua kwamba ugonjwa unaoanzia maungoni unaweza kuingia moyoni, mapafuni na kwenye figo. Kile ambacho hawakuwa nacho ni njia ya kuona unapoingia.

Saa moja katika chumba cha tabibu

Niliwahi kumsindikiza mama yangu mdogo katika hospitali moja ya tiba ya Kichina mjini Guangzhou, wakati nikisoma huko na yeye akija kununua bidhaa. Alikuwa na miezi saba ya vidole vinavyokakamaa kila asubuhi hadi saa tatu. Daktari, mama wa makamo, aliuweka mkono wake juu ya kimto kidogo, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo, kila kidole mahali pake, akanyamaza. Kisha mkono wa pili. Kisha ulimi, ambao aliuangalia kando na katikati, akaandika kwamba ni mweupe, mnene, wenye utando. Aliuliza kama maumivu huzidi mvua inapokaribia, kama anapenda maji ya moto au ya baridi, kama hutoka jasho usiku. Mama mdogo alinigeukia akasema, "Mwambie, mwanangu, mvua ikitaka kunyesha Tanga mimi najua kabla ya wavuvi."

Baada ya hapo daktari huyohuyo akaandika fomu ya maabara: kipimo cha damu cha rumatoidi, kasi ya damu kutuama, na picha ya mikono. Hili ni jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Katika hospitali za tiba ya Kichina nchini China kwenyewe, idara ya maradhi ya fengshi hutumia maabara na mara nyingi huandika dawa za hospitali pamoja na majani ya kuchemsha. Anayekwambia Afrika Mashariki kwamba tiba ya Kichina inakataza vipimo na vidonge anakuuzia kitu ambacho hata huko kilikotoka hakiendeshwi hivyo.

Majani yenyewe yalikuja katika pakiti, moja ya kila siku. Mama mdogo alifungua ya kwanza, akanusa, akasema, "Si mdalasini huu?" Ulikuwa mdalasini kweli, vijiti vyembamba vya matawi, na tangawizi pia. Ilikuwa dawa ya mchanganyiko wa vitu tisa iliyoandikwa na tabibu wa kale Zhang Zhongjing yapata mwaka 200, kwa ajili ya viungo vinavyouma na kuvimba huku mwili ukikonda. Lakini ndani yake mlikuwa pia na vipande vyeusi vya mzizi uitwao "fu zi", ambao una sumu ya moyo na hupikwa peke yake kwa muda mrefu kabla ya kuongezwa vingine, na "ma huang", mmea unaopandisha shinikizo la damu. Harufu ya jikoni kwetu isimfanye mtu adhani kwamba kila kilichomo ni kiungo cha pilau.

Rumatoidi: hapa pande zote mbili zina la kusema

Kwa hospitali, rumatoidi ni mbio dhidi ya muda. Mmomonyoko wa mifupa ya vidole huanza mapema, wagonjwa wengi wakiwa bado katika miaka miwili ya kwanza, na hautengenezeki. Dawa ya msingi ni methotreksati, inayomezwa mara moja kwa wiki, wala si kila siku. Kosa la kuimeza kila siku limeua watu. Huambatana na foliki asidi, pamoja na vipimo vya ini na damu vya mara kwa mara. Haiondoi maumivu kesho asubuhi, huchukua wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kutafuta njia nyingine.

Tabibu wa Kichina huuita ugonjwa huo bi, na hatua zake huzisoma kwa mpangilio ambao si wa kubahatisha. Mwanzoni hufukuza upepo, baridi na unyevu. Kiungo kikiwa chekundu na cha moto husema bi imegeuka joto, na mdalasini hautoshi tena. Mgonjwa akikaa na ugonjwa miaka mingi, husema ini na figo zimechoka, na hutoa dawa kama ile ya vitu kumi na vitano ya Sun Simiao, aliyeandika katika karne ya 7. Mgonjwa akiendelea zaidi, hutumia fikra ya Ye Tianshi, aliyefariki mwaka 1746, kwamba ugonjwa uliokaa sana huingia katika vijishipa vidogo na kugandisha damu humo.

Kuna mmea mmoja wa Kichina ambao katika rumatoidi umepimwa kwa haki, nao ni "lei gong teng", mti unaotambaa ambao jina lake linamtaja mungu wa radi. Jaribio lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 liliwashirikisha wagonjwa 121, wakalinganishwa waliopewa mzizi wake na waliopewa sulfasalazini, dawa ya hospitali ya rumatoidi, kwa wiki 24. Kati ya waliofika mwisho, asilimia 65 ya kundi la mzizi walipata nafuu iliyokusudiwa, dhidi ya asilimia 33 ya kundi la pili, ingawa wengi katika makundi yote mawili waliacha njiani. Huko China utafiti wa mwaka 2014 uliulinganisha mmea huo na methotreksati kwa wagonjwa 207, na ukafanya vizuri. Basi una nguvu, na nguvu hiyohiyo ndiyo hatari yake: hukatiza hedhi, hupunguza mbegu za kiume, na unaweza kudhuru ini na figo. Maganda na majani yake yana sumu inayoua. Msichana au kijana anayetaka watoto asiuguse, na hakuna mtu anayepaswa kuunywa bila vipimo vya damu vilevile ambavyo huenda alikuwa akivikimbia alipoiacha hospitali.

Chaguo langu hapa: methotreksati iwe nguzo, na tiba ya Kichina iwe msaidizi wa maumivu, usingizi na ukakamavu. Sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa ndani yake, huwapunguzia baadhi ya watu maumivu, lakini hazijaonyesha kwamba zinazuia mfupa usimomonyoke. Kwa goti lililolika kwa umri, ambalo nalo watu wetu huliita baridi yabisi ingawa si ugonjwa wa kinga, mizani hubadilika: hospitali haina dawa ya kurudisha gegedu, kwa hiyo sindano au mazoezi ya taratibu ya taichi ni chaguo la busara kuliko kumeza vidonge vya maumivu miaka kumi na kuharibu tumbo na figo.

Lupasi: ugonjwa unaoingia bila kubisha hodi

Lupasi huwapata zaidi wanawake, yapata tisa kwa kila wagonjwa kumi, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Uchovu, maumivu ya viungo, nywele kudondoka, wekundu wa mashavu unaofanana na kipepeo: haya mgonjwa anayaona. Asichokiona ni protini inayovuja kupitia figo. Mkojo unaweza kuwa na povu kidogo, miguu ikaanza kujaa jioni, na wakati huo uharibifu umeshatangulia. Kipimo cha mkojo kinachoonyesha hilo mapema ni cha bei ndogo na hufanyika hata katika kituo cha afya cha kata.

Wachina wa kale walieleza uso wenye wekundu kama nakshi ya kitambaa cha hariri pamoja na koo linalouma. Maelezo hayo yamo katika maandishi ya Zhang Zhongjing, na madaktari wao wa leo hupenda kuyalinganisha na lupasi. Lupasi inapowaka, huiita sumu ya joto iliyoingia katika damu, na hutumia dawa za kupoza. Inapotulia, huona ukavu na upungufu wa yin (upande wa ubaridi na unyevu wa mwili) ya figo na ini, nao hulisha. Mojawapo ya majani wanayotumia ni "qinghao", ambayo sisi tunaifahamu kwa jina la atemisia, na ambayo imelimwa Tanzania, Kenya na Uganda. Ndiyo iliyompatia mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015, baada ya kuitoa ndani yake dawa ya malaria ambayo leo imo katika dawa mseto yetu.

Hapa kuna sadfa ninayoipenda. Hospitali nayo hutibu lupasi kwa dawa ya malaria. Mwaka 1951 daktari mmoja wa Uingereza aliyeitwa Page alieleza nafuu aliyoiona kwa wagonjwa wa lupasi waliopewa mepakrini, dawa ya malaria, na leo haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini iliyotumika majumbani mwetu kwa miongo, ndiyo dawa ambayo karibu kila mwenye lupasi anatakiwa kuitumia. Hupunguza kuwaka kwa ugonjwa na kwa kawaida huendelea kutumiwa hata katika ujauzito, mradi macho yapimwe mara kwa mara. Mtu asichukulie ufanano huo kuwa ruhusa ya kuchemsha majani ya atemisia badala ya kidonge. Kidonge kimefuatiliwa kwa miongo mingi. Majani kwa lupasi hayajafuatiliwa hivyo.

Kwa lupasi, basi, sioni chaguo la kati kwa kati. Hospitali kwanza, na tabibu wa Kichina, akiwepo, awe mtu anayejua kwamba mgonjwa anatumia prednisoloni (dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili) na haidroksiklorokwini na asiyemwambia aziache. Prednisoloni iliyotumika kwa miezi, ikikatizwa ghafla, inaweza kumwangusha mgonjwa kwa siku chache, kwa kuwa mwili umesahau kutengeneza homoni yake.

Skleroderma na Sjögren

Skleroderma, ambapo ngozi hukakamaa kama iliyovutwa ikashonwa, inaingia vizuri katika bi ya ngozi ya Huangdi Neijing, iliyo chini ya mapafu; na ni kweli kwamba mapafu ndiyo yanayowaumiza wengi wa wagonjwa hao. Ufanano huo hauleti tiba, lakini unafaa kumkumbusha mgonjwa apimwe pumzi. Vidole vya mwenye skleroderma hugeuka vyeupe akishika maji baridi, na ma huang, kwa kuwa hubana mishipa ya damu, inaweza kuvizidisha. Sjögren, kwa upande wake, ilipata nafasi tu katika karne ya 20, matabibu wa Kichina walipoongeza bi ya ukavu pembeni mwa upepo, baridi na unyevu. Yabisi yetu ilifika kwao kwa njia hiyo. Kwa ukavu wa macho na kinywa sindano hazidhuru kama ni safi, na matone ya macho yabaki palepale.

Marfan na Ehlers-Danlos: usikosee hapa

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa kuliko yote. Mwenye ugonjwa wa Marfan mara nyingi ni mrefu, ana vidole virefu, macho yenye lenzi inayohama, na husifiwa kwamba angefaa mpira wa kikapu. Wakati huohuo mshipa mkuu unaotoka moyoni, aota, unapanuka polepole bila maumivu yoyote. Jeni inayohusika, FBN1, ilitambuliwa mwaka 1991. Utafiti wa mwaka 1972 ulikuta kwamba wastani wa umri wa kufariki ulikuwa miaka 32. Ule wa 1995 ulikuta kwamba nusu ya wagonjwa wangetarajiwa kufika miaka 72. Vipimo hivyo viwili si vya aina moja, lakini maendeleo hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na upasuaji wa aota uliofanywa kabla haijapasuka, pamoja na dawa za kupunguza kishindo cha moyo, na kipimo cha moyo cha eko kinachorudiwa kila mwaka.

Tabibu wa Kichina atasema kwamba kiini cha figo kilikuwa pungufu tangu tumboni. Katika lugha yake ni maelezo ya heshima, na yanakiri kwamba ugonjwa ni wa kuzaliwa nao. Anaweza kutoa dawa ya vitu sita ambayo Qian Yi aliiandikia watoto waliochelewa kukua, iliyo katika kitabu chake cha mwaka 1119. Lakini hakuna kidole kinachopima mapigo ya kifundoni kinachoweza kusema kwamba aota imefika sentimita tano. Mgonjwa anaweza kuambiwa kwamba nguvu zake zimerudi wiki ileile ambayo mshipa unachanika. Kwa hiyo mtu mwenye dalili za Marfan, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana mrefu mwembamba, aende kwanza akapimwe moyo. Baada ya upasuaji wa kuwekewa vali ya chuma atatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na hapo mzizi wa "dan shen", unaotumika sana katika dawa za Kichina za kuchangamsha damu, huongeza nguvu ya wafarini hadi mtu anaweza kuvuja damu ndani ya mwili.

Kwa Ehlers-Danlos, yenye aina 13 katika mpangilio wa mwaka 2017, ni lazima niwe mkweli kwamba hospitali nyingi zina kidogo cha kutoa. Hakuna dawa inayobadilisha kolajeni. Kinachosaidia ni mazoezi ya kuimarisha misuli ishike viungo ambavyo kano zimeshindwa kuvishika, na mgonjwa mwenye viungo vinavyoteguka huambiwa mara nyingi kwamba anajisingizia. Tabibu wa Kichina angemwona kuwa na ini lisilolisha kano na wengu usioshika damu, ndiyo sababu anapata vilio vya damu chini ya ngozi kwa kuguswa kidogo. Na angalau angemwamini. Ila mikono ya tabibu huyo iwe laini. Kuzungushwa shingo kwa nguvu, kuvutwa viungo mpaka vilie, na kuumikwa kwa vikombe, iwe kwa Kichina au kwa hijama ya kwetu, ni hatari kwa ngozi na mishipa inayochanika kirahisi. Kwa aina inayogusa mishipa ya damu, hayo yote yaepukwe kabisa.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Katika miji yetu mengi yamechanganyika. Madaktari wanaotumwa na serikali ya China, ambao walianza kufika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, ni wengi wao wapasuaji na mabingwa wa kawaida, baadhi wakiwa wataalamu wa sindano. Hao si sawa na duka lenye bango jekundu na mashine ya kushika mkononi inayodai kusoma mwili mzima kwa dakika moja. Mashine hiyo haimo katika Huangdi Neijing wala katika hospitali.

Omba majina ya majani yote yaliyomo, yaandikwe kwa herufi za Kichina au kwa Kilatini, kwa kuwa jina la mazoea halitoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, mmea uitwao "fang ji", ambao Wachina huutumia kwa bi yenye unyevu, ulikosewa, ukawekwa mwingine wenye jina linalokaribiana nao katika vidonge vya kupunguza unene. Ule wa pili ulikuwa na asidi ya aristolokia, na wanawake zaidi ya mia moja waliharibikiwa figo, baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kukataa kukupa majina hayo ni sababu tosha ya kuondoka.

Vidonge vya majani vinavyoondoa maumivu ya miaka mitano kwa siku mbili vinapaswa kukutia hofu kabla ya furaha. Vidonge vya namna hiyo vimeshakamatwa katika nchi mbalimbali vikiwa vimetiwa deksamethasoni au prednisoloni kwa siri. Uso ukianza kujaa na kuwa wa mviringo, sukari ikapanda, hamu ya kula ikazidi, vipeleke vidonge hivyo hospitalini, wala usivikatize ghafla. Kwa mwenye skleroderma ni hatari maradufu, kwani steroidi za kiwango cha juu zinaweza kuamsha kushindwa kwa figo.

Mwambie kila upande unachokipata upande wa pili. Madaktari wetu wengine hukasirika wakisikia majani, na ndiyo sababu wagonjwa huficha. Afadhali hasira ya daktari kuliko kumfichia dawa inayogombana na yake. Na kabla ya kuanza chochote, pima mkojo, shinikizo la damu, ini na figo, urudie baada ya mwezi mmoja, hata kama unajisikia mzima.

Mama mdogo aliacha pakiti za majani baada ya wiki tatu, kwa kuwa shinikizo lake la damu lilikuwa limepanda na daktari wa Guangzhou mwenyewe ndiye aliyesema ma huang itolewe. Alirudi Tanga na methotreksati, ambayo huimeza kila Ijumaa jioni, na foliki asidi siku inayofuata. Mara mbili kwa mwezi huchomwa sindano za mabega na mtaalamu anayemjua, na anasema siku hiyo hulala usiku mzima. Vipande vyeusi vya fu zi vilivyobaki tulivichimbia shimo uani, mbali na banda la kuku, maana watoto walikuwa wameshaanza kuuliza kama ni ubuyu.